Somo la 9: Kuchora Rombasi kwa Kamba na Ubao



Somo hili halisomwi kwa macho tu. Linasomwa kwa mikono pia. Kabla ya kuanza, tafuta vitu hivi: vijiti viwili vigumu vilivyochongwa ncha, kamba nyembamba yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, na ubao mmoja ulionyooka. Tafuta pia mahali pa wazi penye udongo laini uliofagiwa. Uwanja wa nyumba yako unatosha. Kama unasoma pamoja na wenzako, gawaneni kazi. Mmoja asome kwa sauti, wawili washike kamba, na wengine watazame kama kamba imenyooka.

Lakini kwanza nitakueleza kwa nini tunajifunza umbo hili. Ni habari ya kosa langu mwenyewe.

BANDA LA DARASA LETU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha kisomo katika kijiji kimoja. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, tulifunga daftari na kukimbia. Wanakisomo walichoka na hali hiyo. Wakakubaliana kujenga banda la tofali za kuchoma na kuliezeka kwa bati. Fedha za kununulia bati zilitokana na shamba la alizeti la darasa. Kila mtu alilima. Akina mama wengine walikuja shambani na watoto mgongoni.

Siku ya kupima msingi ikafika. Fundi tuliyemwita hakutokea. Watu walikuwa wamekwisha kuja na majembe na sururu. Mimi ndiye mwalimu, nikaona aibu kuwarudisha nyumbani. Nikasema, "Kupima ni hesabu, na hesabu ninaijua."

Tulitaka banda la mraba, mita 6 kila upande. Nikakata kamba ya mita 6. Tukapigilia kigingi cha kwanza, tukavuta kamba, tukapigilia cha pili. Kutoka cha pili tukavuta hadi cha tatu. Kigingi cha nne tulikisogezasogeza mpaka kamba ikafika sawasawa, kutoka cha tatu na kutoka cha kwanza pia. Pande zote nne zikawa mita 6 kamili. Tulipiga makofi.

Tukachimba msingi, tukaujaza mawe, tukaanza kupandisha tofali. Kuta zilipofika kozi ya tano, mzee mmoja wa kijiji kile alipita njiani. Ujanani alikuwa mwashi. Alisimama kwenye kona ya banda, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba kamba.

"Mwalimu," aliniuliza, "mlipima nini?"

"Pande zote nne, Mzee. Kila upande ni mita 6."

"Na kona kwa kona je?"

Nikanyamaza. Kona kwa kona sikuwa nimepima.

Tukapima mbele yake. Kutoka kona ya kwanza hadi kona ya tatu tulipata mita 9. Kutoka kona ya pili hadi kona ya nne tulipata mita 7 na sentimita 94. Mzee akakunja kamba polepole. Akasema, "Vipimo vyako ni vya kweli, Mwalimu. Lakini nyumba imelala."

Labda utauliza, nyumba ikilala kidogo kuna ubaya gani? Ubaya uko juu, kwenye paa. Bati lina kona za mraba. Lenyewe haliwezi kulala. Ukiezeka nyumba kama ile yetu, bati la pembeni linaanza sawa na ukuta. Lakini likifika upande wa pili wa nyumba, limeuacha ukuta kwa sentimita 75. Hapo ukuta uko wazi na mvua inaingia. Itabidi ununue bati jingine, ulikate mshazari, na kipande kinachobaki hakina kazi. Vivyo hivyo kwa kenchi. Fundi seremala akizipima zote kwa kipimo kimoja, hazikai vizuri juu ya kuta za namna hiyo.

Siku ile tulibishana mpaka jioni. Wengine walisema tuendelee, maana tofali zilikwisha kupanda. Mama mmoja aliyekuwa mtunza fedha wetu alifungua daftari lake. Alikuwa amejifunza kuandika kwetu, chini ya mwembe ule ule. Akasoma bei ya bati moja, akazidisha, akatuambia jumla. Kisha akasema, "Tofali tumejengea udongo. Tukizibandua, tutazijenga tena. Bati likishakatwa, limekatwa." Tukabandua.

Kigingi cha kwanza na cha pili hatukuvigusa. Cha tatu na cha nne vilisogea sentimita 75 kando, na kama sentimita 5 mbele. Kwa hiyo kati ya kuta nne, ni ukuta mmoja tu uliobaki mahali pake. Kazi ya siku nyingi ikarudiwa. Hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Ningeona afadhali wangenilaumu.

ROMBASI NI NINI?

Umbo tulilolipima siku ile lina jina. Linaitwa rombasi. Tamka: ro-mba-si.

Rombasi ni umbo lenye pande nne, na pande zote nne zina urefu mmoja. Pande zinazoelekeana ni sambamba, yaani umbali kati yake haubadiliki, hata ukizirefusha hazikutani. Pembe zinazoelekeana nazo ni sawa. Umelikwisha kuliona umbo hili mara nyingi. Liko katika mapambo ya mikeka ya rangi. Wacheza karata wanalijua kwa jina la uru.

Mraba pia una pande nne zilizo sawa. Basi mraba nao ni rombasi, ila ni rombasi iliyosimama wima. Kila mraba ni rombasi, lakini si kila rombasi ni mraba. Soma sentensi hiyo mara mbili. Kama inakutatiza, fikiri hivi: kila mbuzi ni mnyama, lakini si kila mnyama ni mbuzi. Mimi nilimwona mnyama, nikasema ni mbuzi.

BIKARI YA KAMBA

Shuleni watoto huchora maumbo kwa bikari. Bikari ni chombo chenye miguu miwili. Mguu mmoja una sindano, mwingine una penseli. Sindano inakaa mahali pamoja na penseli inazunguka. Kazi ya bikari ni kushika umbali bila kuubadili.

Kazi hiyo hiyo inafanywa na kamba na vijiti viwili. Funga kijiti kimoja kila ncha ya kamba, ili kati ya vijiti ubaki urefu wa mita moja hivi. Si lazima uwe mita moja kamili. Hatutahitaji futikamba wala namba yoyote. Mtu mmoja asimamishe kijiti cha kwanza. Mwingine akaze kamba na kuchora udongoni kwa kijiti cha pili. Akizunguka kabisa, amechora duara. Akichora sehemu tu ya duara, amechora tao.

Angalia kamba yako. Kamba inayovutika haifai, maana kila ukiikaza inabadili urefu. Kamba ya katani ni nzuri ikiwa kavu. Ikilowa hufupika, kwa hiyo usianze kazi na kamba kavu ukamaliza na kamba iliyolowa umande.

Sasa tuchore.

Weka alama udongoni, iite A. Kutoka A chora mistari miwili iliyonyooka kwa kutumia ubao. Mistari hiyo iachane kama mkasi uliofunguliwa. Uufungue kiasi gani? Kiasi unachopenda. Hiyo ndiyo pembe ya kwanza ya rombasi yako.

Simamisha kijiti cha kwanza kwenye A. Kaza kamba, ukate mstari mmoja kwa tao dogo. Mahali tao lilipokata mstari paite B. Bila kubadili kamba, kata mstari wa pili. Hapo paite D.

Sasa hamisha kijiti cha kwanza, ukisimamishe kwenye B. Chora tao upande ulio mbali na A. Kisha kihamishe tena kwenye D, uchore tao jingine. Matao mawili yatakatana. Mahali yanapokatana paite C. Kama hayakukatana, matao yako ni mafupi; yarefushe, lakini usiguse mafundo ya kamba.

Chukua ubao. Unganisha B na C, kisha D na C. Umechora rombasi.

Umejuaje kwamba pande zote ni sawa, na hukupima hata moja? Kamba ni moja. Kutoka A hadi B ni kamba ile. Kutoka A hadi D ni kamba ile. Kutoka B hadi C na kutoka D hadi C ni kamba ile ile. Kama upande mmoja umezidi, basi kamba ilivutika, au kijiti kiliinama. Kijiti kuinama ndilo kosa la watu wengi. Anayekishika anamtazama mchoraji, mkono unalegea.

Kazi ya namna hii ni ya zamani sana. Yapata miaka 2,300 iliyopita, mtaalamu mmoja aitwaye Euclid alifundisha hesabu katika mji wa Alexandria, nchini Misri. Aliandika kitabu cha maumbo ambacho bado kinasomwa. Kazi ya kwanza kabisa katika kitabu hicho ni kuchora pembetatu yenye pande tatu sawa, kwa mistari na maduara tu, bila kupima kwa namba. Chora pembetatu mbili za namna hiyo zinazoshiriki upande mmoja, moja huku na moja kule. Utapata rombasi. Rombasi hiyo tutairudia tukifika shambani.

MISHAZARI

Mstari unaotoka kona moja hadi kona inayoielekea unaitwa mshazari. Rombasi ina mishazari miwili: A hadi C, na B hadi D. Ichore yote miwili kwa ubao. Mahali inapokatana paite O.

Pima kwa kamba kutoka A hadi O, kisha kutoka O hadi C. Ni sawa. Pima kutoka B hadi O, kisha kutoka O hadi D. Ni sawa pia. Kila mshazari unamkata mwenzake katikati.

Liko jambo jingine, na hili ndilo mafundi wanalolihitaji. Chora rombasi kwenye karatasi, uikate kwa mkasi. Ikunje kwenye mshazari mmoja. Nusu moja itafunika nusu nyingine barabara. Ikunje tena, ncha ifuate ncha. Sasa una pembetatu ya matabaka manne. Ikunjue. Katikati kuna pembe nne, na zote ni sawa, maana zilikuwa zimelaliana. Mzunguko mzima ni nyuzi 360. Gawanya kwa 4, unapata nyuzi 90. Hiyo ni kona ya mraba kamili, kona ya bati na kona ya mlango.

Rombasi yako iwe nene au nyembamba, ilale sana au kidogo, mishazari yake hukatana kwa kona ya mraba. Kona zake za nje zinaweza kukudanganya, lakini msalaba wa katikati haudanganyi. Mshazari pia unaigawa pembe katika pembe mbili zilizo sawa. Ukitaka kuigawa pembe yoyote nusu kwa nusu, chora rombasi ndani yake, uchore mshazari kutoka kwenye pembe hiyo.

KUPIMA KONA YA NYUMBA

Sasa tuseme unataka kupima msingi wa mita 6 kwa 6, na huna guni ya fundi. Fanya hivi.

Nyosha kamba mahali utakapokuwa ukuta wa mbele, uirefushe kupita kona. Kwenye kona pigilia kigingi, kiite K. Kutoka K pima mita 3 kwa kufuata kamba upande mmoja, uweke alama. Pima mita 3 upande wa pili, uweke alama. Sasa chukua kamba ya mita 5. Kutoka alama ya kwanza chora tao nyuma ya ukuta, mahali nyumba itakapokuwa. Kutoka alama ya pili chora tao jingine, yakatane. Nyosha kamba kutoka K kupita mahali yanapokatana. Huo ndio ukuta wa pili, nao uko kona ya mraba na ukuta wa mbele.

Rombasi iko wapi hapo? Ungechora matao mengine mawili upande wa mbele, ungeiona nzima. Pande zake ni mita 5, na K ni katikati yake. Wewe umechora nusu tu, kwa sababu nusu inatosha. Pima kutoka K hadi matao yalipokatana. Utapata mita 4. Mafundi wengi wanazijua namba hizi, 3, 4 na 5, na wanazitumia kila siku. Sasa unajua zinakaa wapi.

Kwenye kila ukuta kati ya hizo mbili, pima mita 6 kutoka K, upigilie kigingi. Kigingi cha nne kipate kwa kamba za mita 6 kutoka kwenye vigingi hivyo viwili. Kisha usichimbe. Pima kwanza kona kwa kona. Kamba ile ile ifike barabara kwenye mishazari yote miwili. Ukipenda namba, kila mshazari utakuwa kama mita 8 na sentimita 48 na nusu. Kama mmoja umezidi, sukuma kona za mshazari mrefu zikaribiane, huku wenzako wakishika kamba za pande zisibadilike, mpaka mishazari ilingane.

Nyumba ndefu hupimwa vivyo hivyo. Pande zinazoelekeana ziwe sawa, na mishazari iwe sawa. Kimoja bila cha pili hakitoshi.

SHAMBANI

Watu wengi husema ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Ni makadirio mazuri, ikiwa shamba ni mraba. Hatua 70 mara 70 ni hatua za mraba 4,900. Lakini anayekugawia shamba akihesabu hatua 70 kila upande, akazunguka pande nne, bado hajakuonyesha mraba. Amekuonyesha rombasi.

Tuseme shamba limelala hata mshazari mfupi nao ukawa hatua 70, sawa na pande zake. Hiyo ndiyo ile rombasi ya pembetatu mbili tuliyoitaja. Eneo lake ni kama hatua za mraba 4,240 tu. Umepoteza zaidi ya sehemu moja katika kila sehemu nane za shamba, na hakuna aliyekudanganya kuhusu urefu wa upande hata mmoja. Likilala zaidi, unapoteza zaidi. Njia ya kujilinda ni kutembea kona kwa kona na kuhesabu hatua. Katika shamba la mraba la hatua 70, kila mshazari ni kama hatua 99.

Kupata eneo la rombasi si kazi ngumu. Zidisha mshazari mmoja kwa mwingine, kisha ugawanye kwa 2.

MAZOEZI

1. Chora udongoni rombasi tatu kwa kamba moja: moja nene, moja nyembamba, na moja iwe mraba. Utajuaje kwamba ya tatu ni mraba?

2. Rombasi ina upande wa mita 5. Mshazari wake mfupi ni mita 6. Mshazari mrefu ni mita ngapi? Eneo lake ni mita za mraba ngapi? Linganisha na mraba wa mita 5 kwa 5. (Majibu: mita 8, mita za mraba 24, mraba una 25.)

3. Mwanakisomo mmoja alisema, "Mashamba yenye mzunguko sawa yana eneo sawa." Chukua vijiti vinne vilivyo sawa, uvifunge ncha kwa ncha. Visukume vilale zaidi na zaidi. Mzunguko umebadilika? Eneo je? Mjibuni mwenzenu.

4. Nenda na mwenzako, mpime kona kwa kona chumba mnachosomea. Andika vipimo vyote viwili katika daftari lako, pamoja na tarehe. Kama havilingani, andika pia tofauti yake kwa sentimita.